Mwali Begani

"Achia nguzo, Mama Joachim."

"Siachii mpaka unijibu."

"Nikujibu nini? Umeingia uani kwangu bila hodi, umewazuia vijana wa watu wasifanye kazi yao, sasa unataka na majibu? Achia."

Verdiana hakuachia. Aliikumbatia nguzo ya turubai kama mtu anayezuia mlango usifungwe, na upande wa pili wa nguzo hiyohiyo alikuwa Wahida, kanga kaikaza kiunoni, anavuta kwake. Vijana waliotumwa kusimamisha turubai walikuwa wamekalia viti walivyovileta wenyewe, wanatafuna miwa, hawana haraka. Kwenye michongoma inayozitenga nyumba zile mbili tulishajaa. Sisi wa Mikoroshini, huku Mapinga ndani ukishaiacha lami, ugomvi wa majirani hatusubiri kualikwa.

"Swali langu ni moja," alisema Verdiana. "Tarehe ya shughuli nani kakuchagulia?"

"Nimechagua mwenyewe. Mwana wangu, shughuli yangu."

"Uliniambia kwa mdomo wako unangoja mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi turubai limeshakodiwa na watu. Jumamosi hii liko wazi. Shemeji kaniambia, na viti kaleta yeye, na ng'ombe kaleta yeye. Ulitaka nimwambieje? Rudi na ng'ombe wako?"

"Shemeji gani?"

"Unamjua."

"Mtaje, wasikie."

"Mwinyijuma. Ana kosa gani mtu kumchangia mtoto wa marehemu ndugu yake?"

"Hana. Na mkutano mkuu wa kijiji, mwenyekiti Mwinyijuma kaupanga lini?"

Wahida akaacha kuvuta.

Tangazo lilikuwa limebandikwa ofisini jana yake jioni. Jumamosi, saa nane mchana. Saa ileile ambayo Lulu, binti mdogo wa Wahida, alikuwa atolewe ndani. Ajenda kubwa ni eneo la zahanati. Eneo lile tulilitenga wenyewe miaka iliyopita, tukachangia matofali, msingi ukainuka, halafu nyasi zikaota juu yake. Sasa katokea bwana mmoja wa mjini anataka kujenga maghala palepale kando ya barabara, na mwenyekiti anasema tumpe, naye atatupa kiwanja kingine kule bondeni, ambako masika vyura wanalala vitandani na wenye nyumba wanalala juu ya meza. Mkutano wa kwanza uliharibiwa na mvua, watu hawakutosha. Wasipotosha na safari hii, mwenyekiti alishatutangazia, shauri litamalizwa na halmashauri ya kijiji, yaani yeye na wajumbe wake, mezani. Na katika wajumbe hao anayempinga ni mmoja tu, naye ndiye huyo aliyekumbatia nguzo.

"Jumamosi saa nane kijiji kizima kitakuwa hapa kwako," Verdiana aliendelea. "Wanawake wote, na wanaume wanaofuata harufu ya pilau. Kule atakuwa mwenyekiti na viti vitupu. Umefungwa kamba kwa ng'ombe, Mama Hajra, na hukujua."

"Chunga ulimi wako."

"Ahirisha."

"Niahirishe? Somo yake mwali keshafika kutoka Kaole. Sare zimeshonwa. Watu nimewaalika mlango kwa mlango, miguu imenivimba. Nirudi kila mlango niseme nini?"

"Sema zahanati. Au umesahau Hajra alizalia wapi?"

Hajra ni binti mkubwa wa Wahida. Mwaka juzi uchungu ulimshika usiku, bajaji ikamchukua kumkimbiza Bagamoyo, na mtoto akazaliwa njiani, wamekaribia Zinga. Hakulia. Hilo kila mtu analijua na hakuna anayelitamka.

Wahida aliiachia nguzo, Verdiana nusura aanguke nayo.

"Toka," alisema, na sauti haikupanda hata kidogo, jambo ambalo kwa Wahida linatisha. "Toka uani kwangu. Usikanyage hapa Jumamosi, wala siku nyingine."

Juu ya michongoma kikachomoza kichwa cha Raymundi, mume wa Verdiana, fundi mwashi, bonge la mtu. Raymundi ni Mnyamwezi wa Tabora, na Wanyamwezi ni watani wetu sisi watu wa pwani tangu enzi za mababu; anaweza kukutusi mbele ya wakwe zako ukamshukuru.

"Sisi watani hatufukuzwi," alisema. "Jumamosi nakuja kumwiba mwali. Nitamfungia kwangu mpaka mnikomboe kwa paja la ng'ombe."

Siku nyingine tungecheka. Siku ile Wahida aliingia ndani bila kugeuka, na turubai likapanda.

Asubuhi yake alijitanda ushungi akaenda kwa mwenyekiti. Haya tuliyapata kwa mke wa mwenyekiti mwenyewe, aliyekuwa anakuna nazi hatua chache kutoka pale, na mbuzi yake ya kukunia ilipunguza kelele kadiri mazungumzo yalivyonoga.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mama Hajra. Karibu chai."

"Shemeji, nimekuja kwa dogo tu. Mkutano usogezwe. Hata Jumapili."

"Jumapili wenzetu wako kanisani."

"Jumatatu basi."

"Tangazo limeshatoka. Serikali haisogezwi kwa sababu ya mwali." Mwinyijuma alimsogezea kikombe. "Wewe wasiwasi wako nini? Wewe pika. Mambo ya ardhi tuachie sisi tunaoyajua."

"Wakati unaleta ng'ombe, siku ya mkutano ulishaijua?"

Mwinyijuma alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Ndugu yangu angekuwa hai angemchinjia binti yake ng'ombe," alisema. "Nimemchinjia mimi. Na ukitaka ukweli, shemeji, zahanati isiyo na daktari ni banda la mbuzi. Msingi ule umekaa miaka mingapi? Maghala yataleta vibarua kwa vijana wetu kesho asubuhi. Mimi sioni aibu kulisema."

Wahida aliaga. Kikombe alikiacha kimejaa mpaka juu, na kwetu sisi kuiacha chai ya mtu namna hiyo ni maneno mengi.

Kutwa iliyobaki ya Ijumaa hiyo hakuahirisha, hakumsemesha jirani yake, hakumsemesha yeyote. Tuliokwenda kuchambua mchele tulimkuta kakaa kwenye kigoda na Hajra, mama na mwana, wanamenya vitunguu saumu. Kila mmoja wetu aliondoka na tafsiri yake. Wengi tulisema kashakubali. Ng'ombe ni ng'ombe.

Jumamosi ua ulifurika kabla jua halijafika utosini. Masufuria yalikuwa nyuma ya nyumba, moto wa kuni za mkorosho, wapishi wamejifunga vitambaa vichwani. Harufu ya bizari ilitoka mpaka barabarani na kurudi na watu. Verdiana tulimwona akipita na Raymundi kuelekea ofisini, kavaa gauni lake la kanisani, shingo hakuigeuza. Hakuna aliyemfuata. Ulikuwa msafara wa watu wawili kwenda mkutano wa kijiji kizima, na wengine wetu tulitazama chini.

Kisha ngoma ikalia na Lulu akatolewa.

Siku hizi tunangoja mpaka mtoto amalize shule, na Lulu kamaliza kidato cha nne, kwa hiyo si mwali wa kubebwa kama kikapu. Alifunikwa kanga mpya gubigubi, ananukia udi, akapandishwa mabegani kwa mjomba wake wa pekee, Shuaibu. Na hapa pana sharti ambalo hata wale waliokuja Mapinga juzi kununua viwanja wanalijua: mwali akishawekwa begani, mguu wake haugusi chini mpaka apitishwe kwa ndugu na kurudishwa uani kwa mama yake. Akigusa njiani ni mkosi kwake na kwa uzazi wake. Na mpaka arudi, hakuna mtu anayekula.

Mwenye kauli siku hiyo si mama mzazi, ni somo, yaani kungwi aliyemfunda. Somo wa Lulu, Bi Ashatu, mwanamke mkavu mwenye fimbo ya mpingo, alitangulia langoni akaelekeza fimbo kulia, kwenye nyumba za ndugu. Wahida akampita, akasimama mbele ya wapiga ngoma, akageukia kushoto. Kushoto ni ofisi ya kijiji.

"Wahida, njia si hiyo," alisema Bi Ashatu.

"Leo ndiyo hiyo, bibi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya Hajra."

Bi Ashatu alimtazama Wahida, akamtazama na Hajra aliyesimama nyuma ya mama yake. Kisha akaigeuza fimbo kushoto.

Kule uwanjani mwenyekiti alikuwa ameshasimama. Tulimsikia tukiwa bado nyuma ya uzio, anasema kwa masikitiko kwamba watu wameshindwa kufika kwa mara ya pili, na kwamba hana budi. Hapo ngoma ikamfikia. Akabaki na mkono hewani, akatuona tukimiminika, mwali juu, sare za kijani na dhahabu, wazee, vijana wa bodaboda, wote.

"Shughuli ipite taratibu," alisema. "Hapa pana kikao."

"Hatupiti," alijibu Wahida. "Tumefika."

"Shemeji, hii ni ngoma, si mkutano."

Pembeni yake alikuwa amekaa Evelyn, mtendaji wa kijiji, binti aliyehamishiwa kwetu mwaka huu, mpole, ambaye mpaka siku ile hatukuwa tumemsikia akisema zaidi ya "mwenyekiti amesema". Alisimama.

"Mwenyekiti, mkutano wa wananchi hauna nguo maalumu," alisema. "Wageni wa kutoka nje ya kijiji wakae upande ule wa ukuta. Wakazi wabaki hapa. Nitahesabu."

"Mtendaji, wewe ni mgeni hapa."

"Ni mgeni, ndiyo. Ndiyo maana nahesabu, sikisii."

Alihesabu. Akarudia. Mara ya pili alirudi polepole zaidi, na tuliona usoni pake kabla hajasema.

"Bado kidogo."

Mwinyijuma akatoa pumzi. Verdiana alizungusha macho uwanja mzima kama aliyeangusha pete, na kwa mara ya kwanza tangu nguzo ile, yeye na Wahida wakatazamana.

"Wapishi," alisema Verdiana.

Wahida akageuka. "Hajra, nenda ukawaite wapishi. Wote."

"Na pilau, mama? Liko motoni."

"Liache."

Nasema hivi nikijua ninachokisema: mwanamke wa pwani kuacha pilau la shughuli yake motoni bila mtu, ng'ombe mzima ndani yake, wageni wa Kaole na Bunju wanasubiri, hilo halijapata kutokea hapa kwetu. Hajra aliinua gauni akakimbia. Tulingoja. Mwinyijuma alitazama saa yake mara nyingi kuliko saa inavyobadilika. Hajra aliporudi alikuwa na wanawake wanaotoka jasho nyuma yake, na wengine bado wameshika miko.

Evelyn aliwahesabu wakiwa wanaingia. "Tumetimia," alisema.

Mwenyekiti si mjinga. Alitabasamu, akatukaribisha, akaomba kikao kifunguliwe kwa dua. Kisha akaanza kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayemsomea mtoto. Akaingia kwenye ulinzi wa jadi. Akaingia kwenye mbwa wasio na wenyewe. Sisi tulidhani anatuchosha sisi. Bi Ashatu ndiye aliyeelewa kwanza, kwa sababu macho yake hayakuwa kwa mwenyekiti, yalikuwa kwenye magoti ya Shuaibu.

Magoti yalikuwa yameanza kucheza.

"Mwenyekiti," Verdiana alisimama, "naomba ajenda ya ardhi itangulie."

"Utaratibu, mjumbe. Bado kuna taarifa ya taka."

Shuaibu alihamisha uzito. Kule juu, chini ya kanga, Lulu alimshika mjomba wake kichwa kwa mikono miwili. Jasho lilimshuka Shuaibu mashavuni, likachuruzika kidevuni, na hakuwa na mkono wa kulifuta.

"Tumkalishe pale kwenye msingi wa ofisi," alinong'ona mtu.

"Msingi umetoka wapi kama si chini?" alisema Bi Ashatu bila kugeuka.

Mwinyijuma aliweka karatasi zake kando, akazungumza kwa huruma. "Shemeji Wahida, mimi naumia. Mtoto wa watu yuko juani. Akidondoka hapa, akatiwa mkosi kwa ajili ya siasa, mtamlaumu nani? Mrudisheni mwali nyumbani, mle, mfurahi. Sisi tutaendelea."

Lilikuwa neno zuri, na lilifanya kazi. Wanawake wa nyuma walianza kunong'onezana. Wawili watatu walishika mikono ya watoto wao. Kama sare moja tu ingetoka langoni, zote zingetoka. Wahida alilijua hilo, na uso wake ulikuwa wa majivu. Upande huu binti mmoja, mkosi unamning'inia. Upande huu binti mwingine, aliyesimama kando yake na mikono mitupu.

"Shuaibu," alisema, "unaweza?"

"Dada," alijibu Shuaibu, na hilo likawa jibu lote. Goti la kushoto lilikuwa linakunjika.

Ndipo Raymundi aliponyanyuka kutoka upande wa wanaume, akaja anakunja mikono ya shati.

"Nilisema namwiba mwali, hamkusikia? Mlidhani Mnyamwezi anatania?"

"Mtu baki hamgusi mwali," alipiga kelele mmoja wa wajumbe wa mwenyekiti.

Sote tukamtazama Bi Ashatu. Alijiegemeza kwenye fimbo yake, akafikiri, wakati Shuaibu anakwenda chini kidole kwa kidole.

"Mtani si mtu baki," alisema. "Mtani ni nusu ndugu, nusu mwizi. Mpe."

Raymundi aliinama, akamtwaa Lulu kutoka bega hadi bega kama anavyotwaa mfuko wa saruji, ila kwa adabu, na mguu wa mwali haukukaribia hata nyasi. Shuaibu akaanguka kwa makalio yake, akakaa hapo hapo.

"Mwenyekiti, endelea na taka," alisema Raymundi akijiweka sawa. "Mimi nimezoea kubeba mizigo ya Waswahili. Nina nafasi mpaka Magharibi."

Hapo ndipo watu walipocheka, kicheko cha kutoka tumboni, na waliokwishageukia langoni wakageuka tena. Evelyn akamwinamia mwenyekiti, akasema, si kwa sauti kubwa, lakini tulisikia: "Ardhi, mwenyekiti. Wananchi wanasubiri."

Mwinyijuma aliieleza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Vibarua, barabara, na lile banda lake la mbuzi. Vijana wa bodaboda waliitikia kwa vichwa. Alipomaliza, Verdiana alikuwa keshasimama na hotuba yake, lakini Wahida akamtangulia.

"Mimi sina mengi, pilau langu linaungua," alisema. "Shemeji kasema daktari hayupo. Kweli hayupo. Msingi ukiwepo, daktari tutamdai, na huyu mtendaji atatuandikia. Msingi tukiutoa, tutadai nini? Basi. Na Mama Joachim aliniuliza mbele za watu Hajra alizalia wapi. Nilimfukuza. Lakini aliuliza jambo la kweli."

Mikono ya waliotaka maghala ilipanda, haikuwa michache. Kisha ikapanda ya waliokataa. Evelyn alipita safu kwa safu. Miko ya pilau nayo ilikuwa juu, na mjumbe yule yule akalalamika kwamba mwiko si mkono, Evelyn akamwambia anahesabu vichwa vilivyo chini yake. Hakuhitaji kurudia. Eneo linabaki la zahanati.

Mwinyijuma alitazama uwanja kwa muda. "Mkutano umeamua," alisema, kwa shida kama mtu anayemeza kidonge bila maji, lakini alilisema.

Ngoma ilirudi. Wahida alipompita Verdiana hakusimama wala hakumtazama. "Mumeo kachukua mwanangu," alisema. "Mfuate, asije akampitisha kwenu."

Kwa hiyo Raymundi ndiye aliyemzungusha mwali nyumba za ndugu, na ndiye aliyemshusha uani kwa mama yake, huku akidai paja. Verdiana alisita langoni, mguu mmoja nje. Bi Ashatu akamtia mkononi beseni la kachumbari akamwambia asizibe njia.

Pilau lilikuwa limeungua. Si lote, chini kulikuwa na ukoko mweusi kama lami, juu kumesalimika, na moshi umeingia kiasi cha mtu kuuliza. Hakuna aliyeuliza. Tulikuwa tumeshanawa tulipogeuza shingo barabarani, mmoja baada ya mwingine.

Mwinyijuma alikuwa barabarani. Njia ya kwenda kwake inapita pale pale, hana nyingine. Alikuwa peke yake, kofia mkononi, na alikuwa amesimama kama asiyejua apite haraka au polepole, mbele ya turubai lake, viti vyake, na ng'ombe wake.

"Mwache apite," alinong'ona Verdiana. "Aende zake."

"Sahani," alisema Wahida.

Alipakua mwenyewe, kutoka juu, akachagua nyama, akaifunika na kawa. Kisha akaenda mpaka langoni, kanga bado kaikaza kiunoni, na sote tukamsikia.

"Shemeji, jua kali hilo. La chini limeungua, wewe nimekupakulia la juu. Ingia ule."